Usichomoe Bado

Kompyuta iliingia kwa Mama Pasi ikiwa imefunikwa shuka, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wifi yake aliibeba kifuani toka kwenye teksi, akazunguka nayo chumba cha mbele akitafuta pa kuitua, na kwa kuwa chumba chote kilikuwa nguo tupu, akaiweka pale pale kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya blanketi lililokuwa bado na joto. Akaifunua, akaikunjua. Mvuke wa asubuhi ulikuwa haujatoka. Mashuka ya nyumba ya wageni yalining'inia toka ukuta hadi ukuta, na katikati ya weupe wote ule kilikaa kioo cheusi, kikimwonesha Mama Pasi sura yake mwenyewe, ndogo na ya mbali.

"Hiyo ndiyo itakayomleta mdogo wangu?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," alisema wifi yake. "Ila usiinyunyizie maji."

Mama Pasi alikuwa dobi, na udobi wake haukuwa wa kubabaisha. Shati likipita mikononi mwake linarudi kwa mwenyewe likiwa na heshima kuliko mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno ya familia yao yote alipewa mdogo wake, ambaye tangu utotoni walimwita Chiriku, na ambaye aliolewa nchi ya mbali akabaki huko miaka na miaka, mpaka ikafika mahali kwa Mama Pasi akawa si mtu tena, ni sauti. Jioni simu inaita, sauti inaingia, inaongea, inacheka peke yake, inaaga. Mama Pasi anaitikia tu, "Mh. Ehe. Kumbe." Alikuwa hakumbuki vizuri tena pua ya mdogo wake ilivyokaa, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Halafu likaja la koo. Chiriku alilieleza mwenyewe, kwa sauti iliyokwaruza: kuna uvimbe, madaktari wataukata Jumatatu ya wiki inayofuata, na wakiukata watatoka na kisanduku cha sauti pia. Atapona. Ila kusema, basi. Mama Pasi alishika simu kwa mikono miwili asipate hata ile "mh" yake.

"Si ulikuwa unaniombea ninyamaze tangu tuko wadogo?" Chiriku alisema. "Haya sasa."

Kisha akatoa maagizo, maana hata kuugua aliugua kwa mipango. Baada ya upasuaji atakuwa anaandika na kuonesha kwa mikono, kwa hiyo dada yake atafute kompyuta ajifunze, simu ile ya vitufe haitafaa kitu. Na kabla ya upasuaji, Jumamosi mchana, waonane. Daktari amesema sauti iliyobaki ni ya kutunza. Basi atanyamaza wiki nzima, mumewe keshamwambia, hatasema hata "nipe maji". Yote aliyonayo atayasema Jumamosi, dada yake akimwangalia usoni. "Nataka unione nikiongea," alisema. "Mara moja tu, unione mdomo ukienda."

Ndiyo sababu kompyuta ililetwa.

Wifi yake alikuwa karani wa shule, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na alikuwa na kipaji cha kufundisha huku akikutania, ili ukikosea usipate muda wa kuona aibu. Alianza na kipanya. Mama Pasi alikishika alivyozoea kushika kitu chochote kinachotelezeshwa juu ya meza: akakikandamiza kwa uzito wa bega lote, akakisukuma mbele kwa mwendo mmoja mrefu mpaka ukingoni.

"Mshale umetoka nje," alisema.

"Haujatoka. Uko pembeni unakuogopa. Nyanyua mkono, rudi katikati, anza tena. Taratibu, wifi, hakina makunyanzi hicho."

Kubonyeza kulimshinda siku nzima. Yeye akibonyeza, alibonyeza kama anayechoma ukosi, akatulia hapo hapo akingoja ushike. "Gusa, achia," wifi yake aliimba. "Ukigusa mara moja umekichagua. Ukigusa mara mbili za haraka umekifungua. Ukining'inia hivyo unakiburuta, ona, umeshakihamisha." Na kweli picha ndogo ilikuwa imehama toka pembe hii hadi ile, ikakaa kama kiti kilichosogezwa na mtu asiyeonekana. Mama Pasi aliirudisha, akaihamisha tena makusudi. Ilimpendeza. Ilikuwa kazi isiyochosha mgongo.

Siku zile zilienda kwa namna ya ajabu. Asubuhi alifua na kuanika, mchana alipiga pasi upande mmoja wa meza, na upande wa pili kioo kiliwaka mwanga wake wa maziwa. Mvuke ulipopanda ulipita mbele yake na kukifanya kionekane kinapumua. Herufi za kibodi alizikuta zimevurugwa, ya kwanza iko kushoto, ya pili iko bondeni chini, akasema aliyezipanga alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Alijifunza ile ndefu ya chini kuwa ni ya kuachanisha maneno, na ile ya pembeni juu kuwa ni ya kufuta, na kufuta kulimshangaza kuliko kuandika. Doa la chuma likishika kwenye nguo nyeupe ni la maisha. Hapa kosa liliondoka na hapakubaki hata kivuli.

"Sasa neno la siri," wifi yake alisema siku nyingine. "Lisiwe jina lako, lisiwe jina la mtoto, lisiwe kitu ambacho mteja wako yeyote angekibuni. Changanya na tarakimu. Na usimwambie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mimi nageuka hivi, naangalia mashuka."

Mama Pasi aliliandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliyoigusa iligeuka nukta nyeusi kabla hajaiona. Alijisikia kama anayenong'ona sikioni mwa kitu kinachojua kutunza. Akafundishwa pia kwamba mtandaoni kuna wajanja kama sokoni: likitokea tangazo linalosema umeshinda, hujashinda, mtu asiyejulikana akituma kitu na kukuhimiza ukifungue upesi, ile haraka yake ndiyo dalili yake. Ukiwa na shaka, usiguse, uliza. Akafundishwa kumwita mdogo wake: unafungua hapa, unaona duara lenye jina lake, unagusa alama ya kamera, unangoja. Walijaribu na simu ya wifi yake aliyekwenda kusimama uani. Akatokea kwenye kioo huku sauti yake ikisikika pia dirishani, wifi wawili kwa mpigo mmoja, na Mama Pasi hakujua amjibu yupi.

Mchana, jua likishakaa juu ya bati, alisinzia kwenye kigoda chake na kuota. Aliota kioo kile ni uwazi tu, na ndani yake kuna kamba za kuanikia zisizo na mwisho. Alikuwa anapita, anasukuma shuka kwa mkono, nyuma yake kuna shuka jingine, na nyuma ya hilo Chiriku anaongea. Alisikia kila neno. Kila shuka alilosogeza lilikuwa na unyevu na harufu ya sabuni, na sauti ilikuwa nyuma ya moja tu, moja tu zaidi. Aliamka na kukuta kidole chake kimelala juu ya kibodi na kioo kimejaa herufi moja, mistari na mistari. Akaifuta yote bila haraka, huku bado anasikia.

Ijumaa wifi yake hakuja, alikuwa na mitihani ya shule. Mama Pasi alijizoesha peke yake mpaka jua likaanza kushuka, akaridhika, akaenda kufunga kompyuta kwa utaratibu: gusa pale, chagua kuzima, subiri kioo kiwe cheusi. Lakini kioo hakikuwa cheusi. Kilikuwa cha buluu, na katikati yake kukatokea kigurudumu cha nukta kinachozunguka, na chini yake maneno ya lugha asiyoijua.

Alingoja. Alikunja mashuka ya nyumba ya wageni, akayafunga. Kigurudumu kinazunguka. Alifagia, akamwaga maji ya ndoo, akaleta kamba za uani ndani. Kinazunguka tu, polepole, kizuri kukiangalia, na buluu yake ilikuwa imejaa chumba kizima hata nguo nyeupe zikawa kama ziko chini ya maji. Angeweza kukaa hapo akakitazama mpaka asubuhi.

Ila Mama Pasi alikuwa na mwiko wake. Alipokuwa msichana anajifunza kazi, duka la bosi wake liliungua lote kwa ajili ya pasi moja iliyoachwa ukutani, na toka siku hiyo hakuwahi kufunga mlango kabla hajachomoa kila plagi kwa mkono wake na kuilaza sakafuni aione. Hakuna kinachobaki ukutani. Mwiko huo ulimlisha na kumlinda. Na kompyuta ile ilikuwa kuukuu, betri yake ilishakufa, iliishi kwa waya wa ukutani tu kama pasi nyingine yoyote. Alisimama mbele yake na funguo mkononi, akaigusa mgongoni. Ilikuwa ya moto.

"Utamalizia kesho," aliiambia, akachomoa.

Jumamosi asubuhi ilipowashwa, ilitoa mwanga, ikazima. Ikatoa mwanga, ikazima. Wifi yake alifika akiwa amevaa vizuri, amepaka mafuta, kama anayekwenda kuonwa na wageni, akamkuta Mama Pasi amekaa kwenye kigoda mikono imelegea mapajani.

"Uliifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Niliichomoa."

"Ilikuwa imezimika?"

"Ilikuwa inazunguka."

Wifi yake alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alivuta pumzi ndefu na kueleza kwamba kompyuta wakati mwingine hujikarabati yenyewe, hupokea mapya toka mtandaoni na kujipanga ndani, na ikiwa katika kazi hiyo hujiandika usoni: usinizime. "Ni kama umemtoa mtu kitandani wakati daktari anamshona, wifi yangu," alisema, halafu akaona alichokisema, akaigeukia mashine.

Alibonyeza hiki na kile. Mara ya tatu au ya nne kioo kilishika buluu yake, na kigurudumu kikatokea, na maneno. "Inajirudisha ilivyokuwa," alitafsiri. "Inasema usiichomoe. Itachukua muda gani haisemi. Saa moja, saa nyingi, Mungu ndiye anajua." Wakakaa wote wawili wakiitazama. Kipanya hawakukigusa, hata meza hawakuigusa. Jua likapanda, mashuka yakawa meupe mno, na mchana ukafika ukawakuta hivyo hivyo.

Simu ya vitufe ikaita.

"Dada," ilisema sauti. Ilikuwa nyembamba, yenye mchanga ndani. "Mbona hutokei? Nimekaa mbele ya kioo nimejipamba kama bibi harusi."

Mama Pasi alimweleza. Alieleza vibaya, akirudia neno moja moja, mpaka akafika kwenye plagi. "Nimekuharibia," alisema. "Kata simu, mdogo wangu. Itunze hiyo sauti. Mashine ikiamka nitakupigia, uongee nikuone. Usiimalize huku."

Kigurudumu kilizunguka.

"Na kama haiamki?" Chiriku aliuliza.

Mama Pasi aliitazama buluu. Wifi yake aliangalia pembeni.

"Basi sikati," alisema Chiriku. "Kaa chini. Fumba macho. Nitakuonesha kwa mdomo."

Na akamwonesha. Alianza na chumba: pazia la kijani, refu mno, mumewe alilipima vibaya na hakubali mpaka leo. Dirishani kuna mti ambao hakuwahi kujua jina lake, akauita tu jirani. Meza, kikombe kilichovunjika mkono. Gauni alilovaa ni la rangi ya malimao, nalo alilipiga pasi mwenyewe, "na usiniulize kuhusu ukosi." Mama Pasi alifumba macho, na kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa pili wa kamba zile za ndotoni, hakuna shuka mbele yake. Sauti ilikwenda ikisimama, ikinywa maji, ikiendelea. Ilimwonesha kitanda walicholala wawili utotoni, na namna yeye Mama Pasi alivyokuwa akisinzia katikati ya hadithi, mwenzake akaendelea kusimulia peke yake gizani kwa sababu kuacha aliona ni kumtupa. Ilimwonesha mama yao akicheka kwa mkono mdomoni. Mambo mengine yalikuwa ya maana, mengine ya kipuuzi, na Mama Pasi aliyapokea yote kwa "mh" na "ehe" zake, machozi yakishuka bila kumsumbua.

"Na wewe?" aliuliza mwishowe, yeye asiyeuliza. "Nioneshe wewe."

"Mimi?" Sauti sasa ilikuwa pumzi tu. "Mimi nimenenepa, dada. Usinicheke. Mashavu yamejaa, gauni linanibana. Wananilisha hapa kama wananifuga. Ukiniona utasema huyu naye anaumwa nini."

"Mungu mkubwa," alisema Mama Pasi, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza wiki ile. Alimwona kabisa, mnene, wa rangi ya malimao, kajaa kiti.

Neno lililofuata halikutoka. Kulikuwa na mkwaruzo, kisha kikohozi, kisha mkwaruzo tena, na mwishowe mtu akagonga simu kwa ukucha, mara mbili, taratibu, na simu ikakatika. Mama Pasi alibaki ameishikilia sikioni. Alielewa kwamba ameshaisikia yote.

Wifi yake ndiye aliyemgusa bega. Buluu ilikuwa imeondoka. Kioo kilikuwa cheupe, kinaomba neno la siri.

Aliliandika kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akaandika tena. Akafungua mahali pa kufungua. Alipata duara lenye jina, akagusa, akaachia, vizuri kabisa, hata wifi yake hakuwa na la kusahihisha. Ikaita kwa mlio wa maji yanayodondoka. Kisha kioo kikafunguka.

Pazia lilikuwa la kijani, refu mno. Kikombe hakina mkono. Gauni la malimao lilikuwepo, na ukosi wake ulikuwa umepinda. Ila ndani ya gauni hapakuwa na mtu wa kulibana. Mabega yalikuwa yamechomoza kama hanga ya waya ndani ya nguo. Shingoni kulikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa sura ndogo, mifupa na macho, na katikati yake ile pua ambayo Mama Pasi aliitambua mara moja, kana kwamba hakuwahi kuisahau.

Wifi yake alijifanya anaokota kitu chini. Chiriku alimtazama dada yake toka huko alikokuwa, na alijua anachoonwa, na hakuwa na sauti ya kukifunika. Akainamisha kichwa. Vidole vyake vikasogea, na upande wa kioo maneno yakaanza kutokea, moja, halafu jingine.

*usiponiambia kitu nitafikiri umesinzia*

Mama Pasi aliyasoma polepole, midomo ikimcheza. Alianza kutafuta herufi za kujibu, akainua kidole juu ya kibodi, kikabaki hewani. Kisha akakumbuka kuwa yeye bado ana sauti, na masikio ya mdogo wake ni mazima.

Aliisogelea mashine mpaka mvuke wa pumzi yake ukashika kioo.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Umenenepa, we mtoto. Hilo gauni itabidi nilitanue."

Kule upande wa pili mabega yale yakaanza kutikisika, mkono ukaenda mdomoni kama wa mama yao, na Chiriku akacheka, kicheko chake chote kile, bila mlio hata kidogo. Mama Pasi alivuta kigoda, akakaa, akaendelea kuongea. Aliongea kuhusu mashuka, na kuhusu wifi yake, na kuhusu mteja anayesahau kila mara soksi mfukoni. Hakuwahi kuongea hivyo maisha yake yote, na kila alipotaka kuishiwa, aliangalia yale macho yanayomsubiri, akatafuta kingine.